Ming'oko Niliyoichimba Oldeani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Na ninyi mlioketi karibu na mlango, mliojifunika mashuka mpaka masikioni, naomba mwitikie nijue kama mko macho. Amina. Mchungaji amenipa dakika kumi, lakini ananijua, ndiyo maana ameshaegemea kiti vizuri.

Mimi ni Mama Zawadi, mke wa fundi wa mashine ya kumenya kahawa kule shambani. Wengi mnanijua kama yule mama wa Masasi. Wengine, nasikia, mnaniita mama wa viazi, na leo sitakasirika. Nimesimama kushuhudia jinsi Mungu alivyomrudisha mwanangu kutoka mlangoni pa kifo, na nitasema yote, hata yale ya kunitia aibu. Ila niwaambie mapema, msitegemee nitawaeleza kila kitu kikaeleweka. Yako mambo katika habari hii ambayo mpaka leo siyaelewi, na nimechoka kujifanya nayaelewa.

Ndugu zangu, sisi tulikuja huku kwa shida. Kiwanda cha kubangua korosho alichokuwa akifanya kazi mume wangu kilifungwa, akakaa miezi saba anaziba pancha za baiskeli. Siku moja akapigiwa simu na rafiki yake waliyesoma naye ufundi, kwamba kuna kazi Oldeani. Hilo jina nilikuwa sijawahi kulisikia. Nikauliza Oldeani ni wapi, akasema Karatu. Nikauliza Karatu ni wapi, akasema jirani na Ngorongoro. Nikamwambia, Baba Zawadi, umekosa pa kutupeleka mpaka unatupeleka kwa simba? Akacheka, lakini siku ya tatu tulikuwa tumeshafunga mizigo.

Tulisafiri siku tatu kwa mabasi, na kutoka Karatu tukapanda nyuma ya pikapu ya shamba, barabara ile mnaijua. Tulifika kwenye ukungu. Mimi ukungu wa namna ile nilikuwa sijauona tangu nizaliwe. Zawadi, ambaye alikuwa na miaka mitano, aliona moshi unamtoka mdomoni, akalia akidhani anaungua ndani. Nikamkumbatia nikamwambia ni baridi tu, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika.

Wiki mbili za kwanza sikuona kitu zaidi ya nyumba ya jirani. Halafu asubuhi moja nikafungua mlango, nikakuta mlima mkubwa umesimama nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi. Nilimwita mume wangu nikamwuliza ule mlima umeletwa lini. Mnacheka, lakini mimi siku hiyo nililia. Niliona kwamba kama mlima mzima unaweza kukaa nyuma ya nyumba yangu wiki mbili nisiujue, basi sijui niko wapi kabisa.

Hivyo ndivyo nilivyoishi, ndugu zangu. Nilikuwa nimepotea nikiwa nyumbani kwangu. Matope yalinivua kandambili. Maharage niliyoyabandika asubuhi yalikuwa bado magumu mchana. Nikienda bombani nakuta kina mama wanaongea Kiiraqw na kucheka. Wakiniona wananyamaza kidogo, halafu wananisalimu kwa Kiswahili. Leo najua walikuwa wananiheshimu, wasinitenge kwa lugha. Wakati ule nilijua jambo moja tu, kwamba walikuwa wananisema mimi.

Kati yao alikuwepo mama mmoja wa makamo, Mama Gwandu. Haishi kambini. Ana shamba lake la mahindi na maharage ng'ambo ya korongo, na mvua inyeshe au isinyeshe huvaa koti la kiume na mabuti. Ndiye wa kwanza kuniletea maziwa tulipofika. Nikampenda. Lakini siku moja pale bombani akaniuliza mbele ya wenzake kama ni kweli watu wa kusini tunakula panya, na kama kwenye begi langu nilibakiza hata mmoja wa kuonjesha majirani. Kina mama wakacheka mpaka ndoo zikafurika.

Sasa, kwetu panya wa porini tunakula, sikatai, na ni watamu kuliko hao kuku wenu. Mama Gwandu alikuwa ananitania kama mtu anavyomtania jirani. Ningemjibu tu kwa utani yakaisha. Lakini moyo wangu ulikuwa umejaa, nikainua ndoo nikaondoka. Kuanzia siku ile akinisalimu naitikia neno moja napita. Zawadi peke yake ndiye aliyekuwa haelewi kwamba tumekosana. Kila siku alivuka korongo kwenda kucheza na wajukuu wa yule mama, na mimi kwa uvivu wa kugombana nikamwacha.

Nikaanza kumwomba Mungu anirudishe Masasi. Niliomba nikiwa napika, niliomba nikiwa nafua. Baadaye nikafunga siku tatu, na siku ya tatu nikabadilisha maombi. Nilisema hivi: Bwana, kama unataka nikae huku, nionyeshe kitu kimoja tu cha kwetu. Kimoja tu. Nikikiona nitajua unaniona, nami nitatulia. Usiponionyesha, nitamchukua mwanangu niondoke, mume wangu atanifuata akitaka. Niliomba kwa machozi, tena kwa ukali, kama mtu anayemdai Mungu.

Siku ya nne nikashuka korongoni kutafuta kuni. Pembeni mwa njia, kwenye kichaka, nikaona mmea umetambaa juu ya mti. Ndugu zangu, mwili wote ulinisisimka. Niliuona mng'oko!

Ming'oko ninyi hamwijui. Ni viazi vya porini vya huko kwetu, vyembamba. Kina mama wanavichimba msituni, wanavichemsha na chumvi, wanauza barabarani, na mtoto wa kusini akiulizwa utoto wake una ladha gani atakutajia hivyo. Bibi yangu alinifundisha kuvichimba nikiwa na umri kama wa Zawadi. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilisema, Bwana, kumbe unaniona! Nikachimba kwa panga na kwa kucha huku naimba.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapojihukumu. Majani yake niliona yana tofauti. Ya kwetu jani linakaa moja moja, haya yalikuwa matatu matatu. Na kiazi chenyewe kilikuwa kinene kuliko ninavyokijua, kina vinyweleo. Niliyaona haya yote kwa macho yangu. Nikajiambia ni udongo wa huku, udongo wa Oldeani una rutuba, hata mahindi yao ni marefu. Nilikuwa nimeshapata jibu la maombi, sikutaka jani linibishie.

Nikafunga viazi kwenye kanga nikapanda njia ya kurudi. Nikakutana na Mama Gwandu anashuka. Akatazama mzigo, akatazama mikono yangu yenye udongo. Akaniuliza, "Mama Zawadi, umechimba nini huko?"

Nikasema, "Mboga."

Akasema nimwonyeshe. Mimi nikamkumbuka yule panya wa bombani. Nikaona kesho kambi nzima itajua kwamba mama wa kusini sasa anakula mizizi ya korongoni. Nikaukaza mzigo kwapani nikamwambia nina haraka. Niliondoka namwacha amesimama, na ninakiri mbele zenu kwamba niliondoka nikiwa najisikia vizuri.

Nilipika. Jiko lilijaa mvuke, nikafumba macho nikajiona niko kwetu. Nikampigia simu mama yangu Masasi nikamwambia muujiza, naye akapiga vigelegele kwenye simu, akasema Mungu hana mipaka. Tukiwa tunaongea, Zawadi alikuwa anakula. Alisema ni chungu, nikamwongezea chumvi nikamwambia ale, hiki ndicho chakula cha kwao. Alikula kwa kunifurahisha mimi, ndugu zangu. Alikuwa hajaniona nimefurahi tangu tuhamie. Mimi nilikula vipande viwili tu kwa sababu mdomo ulikuwa na maneno mengi.

Haukupita muda mrefu, midomo yangu ikaanza kuwaka na koo kuwasha. Nikanywa maji. Nikamgeukia Zawadi nikaona mate yanamchuruzika, anasimama na kuyumba kama mtu aliyekunywa pombe. Akatapika. Akakaa chini, halafu akalala pale pale sakafuni, na nilipomwita alifungua macho lakini hakunitazama. Nikamwinua, shingo ikalegea.

Na mimi nikafanya nini? Ninawaambia ukweli, sikukimbia kwenda popote. Kichwa kilikuwa kinazunguka kwa vile vipande viwili, na akili ndiyo ilizunguka zaidi. Nilianza kukemea. Nilikemea pepo la Oldeani, nilikemea wachawi wa bombani, nilimtaja Mama Gwandu kwa jina kwamba amekitazama chakula changu kwa jicho baya. Halafu nikaacha kukemea nikaanza kumwuliza Mungu. Si wewe uliyenipa? Si ulinionyesha mwenyewe? Kama ni jibu lako, mbona linamuua mwanangu? Na kama si jibu lako, ni nani aliyenisikia nikiomba? Nilikuwa nimemshukuru Mungu kwa sumu, nikamlisha mtoto wangu kwa imani. Mume wangu alikuwa kazini upande wa pili wa shamba. Sikujua kituo cha afya kiko njia ipi, kwa sababu miezi yote hiyo sikutaka kujua njia yoyote isipokuwa ya kurudi.

Ndipo nikasikia hodi. Nikajua sauti ni ya nani. Sikilizeni mtu alivyo mpumbavu: mtoto amelegea mikononi mwangu, na bado niliona aibu kufungua. Niliona bora aingie mtu yeyote, lakini si yeye. Akapiga hodi ya pili. Nikafungua.

Mama Gwandu hakunisalimu. Aliangalia sufuria, akaangalia maganda niliyotupa pembeni ya jiko, akaangalia mtoto. Akasema, "Amekula?"

Nikasema amekula.

Akachota maganda akayatia kwenye mfuko wa koti, akaniambia nimpe kanga. Akambeba Zawadi mgongoni, akatoka mbio na yale mabuti yake, mimi nyuma yake naanguka na kuinuka. Alipiga kelele kwa Kiiraqw, wanaume wakatoka, na ndani ya dakika chache trekta la shamba likawa limewashwa. Tulikaa kwenye tela juu ya magunia matupu. Mvua ilikuwa imenyesha, tela lilikuwa linateleza upande huu na upande huu. Yule mama alimlaza Zawadi kiubavu mapajani mwake, kidole chake mdomoni mwa mtoto akimtoa mate asipaliwe. Njia nzima hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Pale kituoni mganga akauliza amekula nini. Nikamjibu ming'oko. Akauliza ndiyo nini. Nikaanza kumweleza habari za Masasi, bibi yangu, mchanga wa kwetu, kina mama barabarani, na yeye ananitazama tu. Nilikuwa na maneno mengi na hakuna hata moja lililomsaidia. Mama Gwandu akaingiza mkono mfukoni akatoa maganda akayaweka mezani. Akamwambia ni kile kiazi cha korongoni, ambacho wazee wao walikuwa wanakula mwaka wa njaa tu, tena baada ya kukiloweka siku nyingi kwenye maji yanayotembea. Mganga akaelewa mara moja. Wakamtundikia dripu, wakaanza kazi.

Nikamwuliza yule mama kwa nini alikuja kwangu. Akasema aliona kipande kimoja kilianguka njiani kutoka kwenye kanga yangu. Alikwenda mpaka shambani kwake, akaanza kupalilia, akashindwa. Akaacha jembe akageuka. Alisema hivyo tu. Hakusema ameambiwa na Roho, hakusema ameota. Alishindwa kupalilia.

Tulikaa kando ya kitanda, mimi upande huu, yeye upande ule. Mume wangu alikuja akasimama miguuni pa mtoto. Na mimi sikuweza kuomba. Nawaambia ninyi kina mama wa maombi mnaoniona hapa nikikesha, siku ile sikuwa na ombi hata moja. Niliogopa nikiomba nitajibiwa tena. Nilisema jina la Yesu, nikaishia hapo.

Zawadi alizinduka kesho yake. Alifumbua macho, akasema kitu. Nikainama nikamwambia sema tena mama, akasema tena. Sikuelewa. Nilidhani sumu imemharibu ulimi, nikaanza kulia kwa sauti. Mama Gwandu akainuka, akamimina maji kwenye kikombe, akamnyanyua kichwa akamnywesha. Mtoto wangu alikuwa ameomba maji, ndugu zangu. Aliomba kwa Kiiraqw. Amekunywa kikombe kizima, mimi mama yake nimeshika shuka natazama.

Bwana asifiwe! Huyo Zawadi ndiye mnayemwona pale mbele, anayechezea kiatu badala ya kumsikiliza mama yake. Hana tatizo lolote. Mungu amemponya, na nikikaa kimya nitakuwa mwizi.

Sasa mtaniuliza, Mama Zawadi, je, ile ilikuwa ishara ya Mungu au haikuwa? Sijui. Nimewauliza watu. Dada mmoja aliniambia ni shetani alisikiliza maombi yangu akaingilia kati. Mwingine akasema Mungu alikuwa ananijaribu imani. Mama yangu kwa simu akasema hayo ni malipo ya kuhama bila kuaga makaburi. Mume wangu, ambaye ni fundi, alisema, "Ni viazi, Mama Zawadi. Ni viazi tu." Nimezipima hizo kauli zote, na kila moja ina siku yake ninayoiamini. Niliomba nionyeshwe kitu cha kwetu ili nikae, nikaonyeshwa kitu kilichofanana na cha kwetu, kikataka kutuua. Kilichomwokoa mwanangu hakikufanana na kwetu hata kidogo. Kilikuwa kimevaa koti la kiume. Zaidi ya hapo akili yangu inakwama, na Mungu anajua inakwama, wala hajanifukuza kwa sababu hiyo.

Mwezi uliopita yule rafiki yake mume wangu alipiga simu tena, kwamba kiwanda kule kusini kinafunguliwa, wanataka mafundi wao wa zamani. Mume wangu aliniangalia usoni akingoja nianze kufunga mizigo. Hata mimi nilingoja. Sikufunga. Kusini nakupenda, na nikipita mahali nikasikia mtu anaongea kwa lafudhi ya kwetu bado nageuka. Lakini kuna watu wawili hapa, mmoja ana miaka sita na mwingine ana mabuti, ambao wakiongea nataka kuelewa wanasema nini. Nimemwambia mume wangu ajibu kwamba tupo. Sikuomba ishara. Nilimwambia tu Mungu, nakaa, nisaidie.

Mama Gwandu ni Mkatoliki, ametoka misa ya kwanza ya asubuhi akaja kukaa nasi leo, yuko pale nyuma. Mama, nilikutaja kwa jina nikikemea, siku mwanangu alipokuwa anakufa. Hukulijua hilo, na sikuwahi kukwambia mpaka dakika hii. Nilikuita mchawi wakati ulikuwa njiani unakuja kwangu. Nisamehe. Nimelisema mbele ya watu wote ili nisije nikapata njia ya kulirudisha moyoni.

Ameinua mkono. Mmeona? Basi.

Namshukuru Mungu, namshukuru dereva wa trekta, nawashukuru wa kituoni. Na kama hapa kuna mgeni, umeletwa na kazi, au ndoa, au njaa, na hujui mlima uko upande gani, na umemlilia Mungu mpaka umechoka kusubiri jibu, mimi sina maelezo ya kukupa. Nakuomba jambo moja tu. Mtumaini, hata kama humwelewi. Huenda ameshajibu, na jibu lenyewe limesimama nje ya mlango wako likipiga hodi, na ni mtu yule yule usiyetaka kumwona. Usingoje hodi ya pili kama mimi. Mfungulie.